Mkutano wa mawakili ukija Zanzibar, na sheria ya Zanzibar isomeshwe

Msimu wa mikutano ukifika, hoteli za Kiwengwa, Nungwi na Mbweni hujaa watu waliovaa kadi za majina shingoni, na mara nyingi watu hao ni mawakili. Wanatoka Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, Kampala. Programu yao ya siku mbili tatu huandikwa juu kwa herufi kubwa: elimu endelevu ya sheria. Mimi nawapokea kwa mikono miwili. Vyumba vinajaa, vijana wetu wanapata riziki, na sisi mawakili wa Visiwani tunapata kukaa meza moja na wenzetu bila ya kupanda boti. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu na leo nalisema. Ndani ya kumbi hizo, zilizojengwa juu ya ardhi ya Zanzibar, sheria inayosomeshwa kidogo kuliko zote ni sheria ya Zanzibar.

Msomaji asiye mwanasheria pengine atauliza: kwani sheria si moja? Si moja. Muungano una mambo yake, na nje ya mambo hayo Zanzibar ina Katiba yake ya 1984, Baraza la Wawakilishi linalotunga sheria zake, Mahkama Kuu yake, mahkama za Kadhi, na daftari lake la mawakili. Katika kesi za madai wengi wetu tumelelewa na Dikrii (sheria ya zamani) ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 8. Bara wana Sura yao ya 33. Zote mbili asili yake ni kanuni ya India ya 1908, na kufanana huko ndiko kunakotuponza. Wakili ananukuu kifungu cha bara akiamini ndicho hicho hicho, upande wa pili unasimama na pingamizi la awali, na maombi yanatupwa. Mteja aliyeuza ng'ombe kulipia kesi anaambiwa aanze upya.

Na sheria zetu wenyewe hazijakaa tuli. 2016 ilikuja Sheria mpya ya Ushahidi. 2017 Sheria ya Mahkama ya Kadhi. 2018 zikafuatana Sheria ya Adhabu, Sheria ya Mwenendo wa Jinai na Sheria ya Msaada wa Kisheria. 2021 zikaanza mahkama maalumu za kesi za udhalilishaji, yaani ukatili wa kijinsia, na 2023 ikapitishwa Sheria ya Uwekezaji. Mwanafunzi aliyemaliza sheria pale Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu, mwaka 2012, na akasomeshwa vizuri kabisa, leo sheria alizofanyia mtihani wa jinai na ushahidi zimeshafutwa. Nani alimkalisha chini akamuonesha kilichobadilika? Kwa wengi wetu aliyetuonesha ni hakimu, siku ya kesi, mteja akiwa amekaa nyuma yetu anasikiliza.

Nakumbuka kikao kimoja cha mchana kwenye mkutano wa aina hii. Mtoa mada alikuwa mtu hodari, anazungumza vizuri, slaidi zake zimepangwa, na mada yake ilikuwa usuluhishi wa migogoro ya kibiashara ya kimataifa. Ilipofika zamu ya masuala, wakili mmoja mtu mzima kutoka Wete alinyanyua mkono. Akapewa kipaza sauti. "Sheikh," akasema, "mimi nina shamba la eka tatu, mwenyewe kafa, lina mikarafuu, na warithi watatu wako mahkama tatu. Hilo nalo linasuluhishika?" Ukumbi ukacheka kidogo, si kwa ubaya. Mtoa mada akamjibu kwa adabu: "Suala zuri sana, mheshimiwa wakili. Tutalizungumza wakati wa chai." Chai ikaja, vitumbua vikaliwa, mtoa mada akazungukwa na watu wanaotaka namba yake ya simu. Yule mzee alinywa chai yake akarudi kukaa mahali pake. Hakuuliza tena.

Suala lile lilistahili asubuhi nzima. Ngoja nilifungue hapa, kwa sababu ndani yake mna sehemu kubwa ya kazi ya wakili wa Visiwani.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali iligawa mashamba ya eka tatu tatu kwa wananchi. Aliyepewa alilima, akatunza mikarafuu, akajenga, akazaa, akafa. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inasema ardhi yote ni mali ya umma, na mtu anachokuwa nacho ni haki ya kuitumia. Sasa watoto wanakwenda kwa Kadhi kutaka mirathi, ambako ndiko mirathi ya Muislamu inakotazamwa. Kadhi agawe nini? Ardhi, haki ya kuitumia, au mikarafuu iliyomo? Kwetu mazoea ya tangu na tangu ni kwamba mti unaweza kuwa wa mtu na ardhi ikawa ya mwengine, na mikarafuu ya Pemba imekuwa ikirithiwa, ikiwekwa rehani na kukodishwa kwa msimu bila ya mtu kuigusa ardhi. Mtoto mmoja ameshajenga nyumba ya matofali pembeni mwa shamba. Huyo kaka zake wamemshtaki Mahkama ya Ardhi, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994. Shangazi yao naye anasema robo ya shamba babu aliiweka wakfu kwa msikiti, na hapo inaingia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Katikati ya ugomvi wote huo karafuu zimeiva, lazima zichumwe, na karafuu kwa sheria haziuzwi pengine isipokuwa ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar. Nani apokee pesa, na ziwekwe wapi mpaka kesi iishe?

Wakili anayepokea familia hii afungue mlango gani mwanzo? Akikosea, miaka inapita. Hukumu ya mahkama moja haiheshimiwi kwenye nyengine, warithi wanazeeka, na mara nyingi anayebaki bila ya chochote ni mtoto wa kike aliyeolewa mbali na hana wa kumfuatilia tarehe za kesi. Mambo haya hayamo kwenye vitabu vinavyouzwa kwenye meza za nje ya ukumbi. Yamo vichwani mwa watu: kadhi aliyekaa Chake Chake muda mrefu, mrajis wa mahkama anayejua kwa nini majalada yanarudishwa, karani wa Kamisheni ya Ardhi, sheha anayeongoza shehia yake. Nimehudhuria mikutano mingi na sijaona sheha akialikwa kuzungumza, ingawa nusu ya kesi zetu za ardhi shahidi wa kwanza ni sheha.

Ninachokiomba ni nusu siku. Mkutano wowote wa kitaalamu wa mawakili unaofanyika Unguja au Pemba, na uitwe wa kitaifa, wa kikanda au wa kimataifa, utenge nusu siku kwa sheria ya Zanzibar, na nusu siku hiyo iwe ya kazi. Wagawiwe watu majalada ya kesi zilizokwisha, majina yamefutwa. Wakae sita sita kwenye meza. Waandike hati ya madai, au hati ya kiapo, au barua ya kwanza kwa upande wa pili. Halafu mrajis asimame na kalamu nyekundu aseme: hii ningeirudisha, na sababu ni hii. Kadhi aseme kilichokosekana kwake. Mwenyekiti wa Mahkama ya Ardhi naye aseme. Mtu atoke ukumbini na karatasi yake mwenyewe iliyosahihishwa, na Jumatatu akiingia mahkamani aitumie.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya mwanafunzi, wakili mzoefu hasahihishiwi hati mbele ya watu. Sikubaliani nao. Daktari mpasuaji anaingia chumba cha upasuaji na wenzake wanamtazama mikono. Sisi tunajifungia ofisini, hakuna anayeona tunachoandika isipokuwa karani na mpinzani wetu, na mpinzani hana sababu ya kutufundisha. Aibu ya dakika kumi mbele ya wenzako ni nafuu kuliko mteja kupoteza nyumba.

Kuhusu kuhesabu saa za mafunzo ya wakili. Minnesota, Marekani, walianza kuwalazimisha mawakili kusoma tangu 1975, na majimbo mengi ya huko yakafuata. Kenya, wakili anatakiwa kukusanya alama zake za mafunzo za mwaka kabla ya kupata cheti cha kufanyia kazi. Uingereza walikuwa na saa 16 kwa mwaka kwa mawakili wanaoitwa solicitor, na Novemba 2016 wakaziacha. Sasa wanamtaka kila wakili ajipime mwenyewe anahitaji nini na aoneshe amefanya nini kuhusu hilo. Najua kuna wenzangu Zanzibar wanaotamani tufuate njia hiyo ya Waingereza kwa sababu inaonekana ya kiungwana. Mimi naona kwetu bado. Wakili wa peke yake mwenye ofisi ya chumba kimoja Darajani, anayekimbia baina ya mahkama za Mwanakwerekwe na Tunguu, usipomlazimisha hatasoma. Si mvivu, hana nafasi tu. Lakini ukimlazimisha, mpe kitu. Sahihi ya asubuhi kwenye karatasi ya mahudhurio na viti vitupu baada ya chakula cha mchana haviwezi kuitwa elimu, na mkoba wenye nembo ya mdhamini hauwezi kumsaidia mtu mbele ya jaji. Alama zitolewe kwa kazi iliyofanyika mezani, mwisho wa kikao, si mwanzo.

Kuna mada moja mpya ambayo nakubali kila mkutano uibebe, nayo ni akili bandia. Mwaka 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca kwa sababu waliwasilisha hukumu zilizobuniwa na programu ya ChatGPT. Kesi hazikuwepo, na wao hawakuzitafuta kuzihakikisha. Habari hiyo imeshasimuliwa kwenye mikutano mingi na watu wanatikisa vichwa. Kwetu hatari ina sura nyengine. Programu hizi zimelishwa maandishi mengi ya Marekani na Uingereza, ya Kenya na bara kiasi, na ya Zanzibar machache mno. Ukiiuliza juu ya mirathi ya shamba la eka tatu itakujibu kwa ufasaha kabisa, na jibu lake linaweza kuwa sheria ya ardhi ya bara iliyovalishwa jina la Zanzibar. Hukumu itakayokutajia inaweza kuwa ipo kweli, na imeandikwa na jaji wa kweli, ila haikuhusu. Kosa la namna hii haligunduliwi kwa kutafuta jina la kesi tu. Linahitaji wakili anayeijua sheria ya kwao. Hukumu za Mahkama ya Rufaa zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, kwa hiyo anayetaka kuhakikisha anaweza, ikiwa anajua cha kutafuta.

Nisipozungumzia kesi za familia nitakuwa nimewasahau wateja wengi kuliko wote. Ukienda Mahkama ya Kadhi asubuhi yoyote ya kazi utawaona kina mama kwenye mabenchi, na watoto mapajani, wanasubiri kuitwa. Talaka, matunzo, edda, nani akae na watoto. Suala la mali iliyochumwa ndani ya ndoa sasa limo ndani ya Sheria ya 2017, na hapo ndipo mawakili tunapohitajika na ndipo tusipojiandaa. Mwanamke aliyeuza maandazi miaka kumi na tano, pesa zikaingia kwenye saruji na mabati, ataithibitisha vipi sehemu yake? Hana risiti. Ana jirani, ana fundi aliyejenga, ana daftari la kikundi chake cha kuweka na kukopa. Kulijua daftari lile, kulitoa kama ushahidi na kumuandaa fundi kusema alichokiona ni ufundi unaosomesheka, na kadhi anaweza kutuambia ni ushahidi wa namna gani umemkinaisha na upi haukumkinaisha. Pia mtoto anayetoa ushahidi katika kesi ya udhalilishaji. Mtetezi wa mshtakiwa ana wajibu wa kuhoji, na mtoto ana haki ya kutoumizwa mara ya pili na masuala. Yote mawili yanawezekana kwa pamoja, ila hayaji yenyewe. Nimeona wakili mzuri, mtu wa dini na mwenye watoto wake, akimhoji mtoto kama anayemhoji mhasibu wa kampuni. Hakuna aliyewahi kumfundisha vyenginevyo.

Sasa Pemba.

Mawakili wa Pemba ni wachache, na kila mafunzo wanayafuata Unguja. Boti kutoka Mkoani, au ndege ndogo ya Chake Chake, malazi, chakula, ada ya mkutano, na siku zote hizo ofisi imefungwa. Mwenye mteja aliyeko rumande anachagua baina ya mteja na mkutano, na akimchagua mteja anakosa alama. Chake Chake ina Mahkama Kuu, ina kadhi, ina kesi za ardhi ambazo zingeweza kutosha mafunzo ya miaka. Ukumbi upo: Makonyo pale Wawi unabeba mikutano mikubwa ya Serikali, sembuse mawakili na mahakimu wa kisiwa kizima. Nyumba za wageni zipo. Kinachokosekana ni sisi wa Unguja kukubali kwamba safari ile ni ya pande mbili.

Na hakuna haja ya kubuni kitu kipya. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kilipoanzishwa 1992, marehemu Profesa Haroub Othman na wenzake hawakuisubiri sheria iombwe. Waliipeleka. Walifungua ofisi Pemba, wakawafunza wasaidizi wa sheria majimboni, wakaandika vijitabu kwa Kiswahili ambacho mkulima wa Micheweni anakisoma mwenyewe. Leo kuna wasaidizi wa sheria wasio na shahada wanaoijua Sheria ya Mtoto ya 2011 kwa kukaa nayo kijijini, kuliko sisi tunaoibeba kwenye mkoba. Waitwe nao wakae kwenye meza ile ya majalada. Wengi wao ndio wanaompokea mteja wetu kabla yetu, na neno la mwanzo analoambiwa mteja mara nyingi ndilo linaloamua kesi itaelekea wapi.

Waandaaji wana hoja mbili, nimezisikia zote. Ya kwanza ni kwamba mkutano una wageni, na wakili wa Dodoma au Nairobi hajaja huku kusoma Dikrii zetu. Lakini wakili huyo ndiye ambaye mteja wake anataka kiwanja Paje. Mgeni huku hamiliki ardhi, anakodishwa, na kuna wanaouziwa maneno matupu kwa sababu mshauri wao aliyatumia mazoea ya kwao. Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakasishaji wa fedha, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kwa utakasishaji wa fedha Oktoba 2022 na ikatoka Juni 2025, na miamala ya ardhi ya pwani ni mahali ambapo wakili lazima ajue pesa ya mteja imetoka wapi. Tena Mahkama ya Rufaa ni moja kwa pande zote mbili. Majaji wake wanakuja kukaa Zanzibar, na wakili wa bara anayefika mbele yao na rufaa ya huku lazima ajue kipi kinafika kwao na kipi kinaishia Mahkama Kuu ya Zanzibar. Mambo yaliyoanzia kwa Kadhi hayafiki. Tafsiri ya Katiba ya Zanzibar haifiki. Mwaka 2000, katika kesi ya Machano Khamis Ali na wenzake, Mahkama ya Rufaa ilipima hadhi ya Zanzibar yenyewe ndani ya Muungano kwa sababu ya shitaka la uhaini, na sidhani kuna wakili wa nchi hii, awe wa wapi, anayeweza kusema hukumu ile haimhusu.

Hoja ya pili ni wadhamini. Benki inalipa ukumbi, benki inataka mada ya benki. Hilo nalielewa, na mada za benki nazo zina faida yake. Iwe asubuhi ya siku ya pili, na mchana iwe yetu. Meza, kalamu, karatasi za kunakili na watu watano wa kuongoza havigharimu hata pesa ya zile ngoma na pambio za usiku wa kufunga mkutano.

Chama cha Wanasheria Zanzibar na Skuli ya Sheria wanaweza kuanza hili kwa kushirikiana na Mahkama bila ya kusubiri sheria yoyote ibadilishwe. Mimi ninalo jalada la mirathi ya shamba la Pemba na jengine la ugomvi wa nyumba Mji Mkongwe, kesi zote mbili zimekwisha, wateja wameridhia na majina nimeshayafuta. Kamati itakayoandaa mkutano ujao ikiyataka, nayatoa bure, na gharama ya kuyanakili nitailipa mwenyewe.